Uliza Msanifu: Nimeona nyumba nyeupe ya Ibiza, naitaka Ntyuka

Mbukwenyi wasomaji wetu. Mwezi huu nimezipanga barua zenu mezani nikaona karibu nusu yake zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti, hizi vila nyeupe za kule Bahari ya Mediterania, Hispania, Ugiriki, Italia, mnazoziona kwenye simu, zina bwawa, zina bahari mbele, na mnaambiwa ni za kifahari na hapo hapo haziharibu mazingira. Basi leo safu nzima ni hiyo. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote kwa sababu mwenyewe yuko karibu kuchimba msingi na kwa kweli sitaki aumie.

SWALI: Shikamoo dada msanifu. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Ntyuka hapa Dodoma, juu kwenye mawe, ukisimama pale usiku taa za mji unaziona zote upande wa kaskazini. Tunataka tujenge vila ya vyumba vinne ya kupangisha, watu watoke mjini wapumzike wikiendi, hata wale wanaokuja kipindi cha Bunge. Nimesevu picha kama arobaini za Ibiza na Mallorca, vile visiwa vya Hispania, nyeupe, paa bapa, mbele ukuta mzima ni kioo. Fundi wetu anasema rahisi tu, tofali za bloku, paa la kuficha, aluminiamu, kwisha kazi. Kaka yangu anasema nitawaoka wageni kama mikate. Nimsikilize nani? – Mama Junior, Iyumbu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msikilize kaka yako. Fundi hajakudanganya, nyumba itasimama na kwenye picha itapendeza, ila shida inaanza saa nane mchana mwezi wa kumi na moja mgeni akifungua mlango wa chumba alichokilipia.

Tuanze na hizo picha zenyewe. Nyumba ya asili ya mkulima wa Ibiza, ile ambayo wasanifu wa vila wote wanadai wanaifuata, haina ukuta wa kioo hata mmoja. Ina kuta za mawe unene wa nusu mita na kuendelea, madirisha madogo, na paa bapa lililopangwa tabaka kwa tabaka, kwanza boriti za mti wao mgumu jamii ya mreteni, juu yake mbao au fito, juu yake majani makavu ya baharini yanaitwa posidonia, halafu majivu, halafu udongo wa mfinyanzi umeshindiliwa. Urefu wa mti ndo unaamua upana wa chumba, sawa na Mji Mkongwe Zanzibar na boriti zao za mikoko, chumba kinaishia pale mti ulipoishia. Familia ikiongezeka wanabandika chumba kingine pembeni, na kingine, ndo maana ukiiona kwa mbali inafanana na masanduku yaliyopangwa. Weupe wake ni chokaa basi, si kitu kingine.

Sasa mimi nikilisoma hilo paa namwona bibi yangu mzaa mama. Aliishi kwenye tembe kule Chamwino mpaka nikafika darasa la nne, na mpaka leo ngozi yangu inaikumbuka ile nyumba. Tunatoka kisimani jua limetuchapa, unainama maana mlango ni mfupi, kwanza huoni kitu, giza tupu, halafu ubaridi unakushika shingoni kama mtu amekuwekea kitambaa kibichi. Juu miti imeshonana, juu ya miti matawi, juu ya matawi udongo wa unene wa shibiri. Kuta za fito na udongo zimesiribwa kwa udongo wa kichuguu. Tulikuwa tunapanda juu ya paa kuanika uwele na bibi anatupigia kelele tusirukeruke tutambomolea nyumba. Ukiweka kiganja ukutani saa saba mchana unakuta ukuta wa baridi, ukirudi saa tatu usiku unakuta una uvuguvugu, na kwa usiku wa Dodoma mwezi wa saba uvuguvugu huo unauhitaji kweli. Ukimkalisha bibi na fundi wa zamani wa Ibiza juu ya mkeka mmoja, lugha ingewashinda lakini paa wangeelewana.

Na hii inafanya kazi huku kwa sababu maalumu, naomba uielewe vizuri maana ndo moyo wa jibu langu. Udongo na jiwe vinapokea joto polepole na kulitoa polepole. Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, mchana wa Novemba joto linapita nyuzi 30, usiku wa Julai linashuka mpaka nyuzi 13 au 14, yaani usiku unaupoza ukuta na kesho yake ukuta unakupoza wewe. Dar es Salaam ukijenga ukuta mnene hivyo usiku haupoi wa kutosha, kwa hiyo kule dawa ni upepo zaidi kuliko unene. Hata mvua, sisi tunapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, Palma mji mkuu wa Mallorca wanapata kama 450, Dar wanapita 1,000. Kwa ukavu na kwa miezi mirefu bila tone, sisi watu wa kati tunafanana na visiwa vile kuliko tunavyofanana na pwani yetu wenyewe, kasoro bahari tu.

Tunapotofautiana ni jua, na hapa ndo picha zinawapoteza watu wengi. Kule Mallorca Desemba jua la saa sita mchana linakaa chini sana, nyuzi kama 27 tu kutoka upeo wa macho, kwa hiyo wanafungua vioo upande wa kusini makusudi ili jua la baridi liingie mpaka sebuleni lipashe sakafu, na Juni jua likipanda nyuzi 74 upenu unalizuia. Kioo chao kina kazi. Wewe uko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la saa sita linakuwa karibu na utosi mwaka mzima, Juni linaegemea kaskazini kidogo na Desemba kusini kidogo, na adui zako wakubwa ni wawili, jua la asubuhi la mashariki na lile la saa tisa la magharibi ambalo linaingia limelala na hakuna upenu unaoliweza. Niliwahi kuingia nyumba moja hapa mjini, wenye nayo ni watu wazuri sana, sebule yote kioo na inatazama magharibi, wameweka mapazia mazito mara mbili na viyoyozi vinanguruma, mwonekano waliulipia na hawauoni.

Bahati yako wewe mji uko kaskazini, kwa hiyo mwonekano wako uko upande mzuri. Kioo weka huko huko kaskazini, lakini mbele yake weka baraza lenye paa la mita moja na nusu. Kwa saa sita ya Juni jua likiwa nyuzi 60 hilo paa linatupa kivuli cha mita mbili na nusu kwenda chini, kioo chote kinalala kivulini, na kwa asubuhi na jioni jua linapokuja kwa pembeni weka milango ya mbao yenye papi za kulala, inafungwa na upepo bado unapita. Nyumba iwe ndefu mashariki kwenda magharibi, zile pande mbili fupi ziwe ukuta mzito bila dirisha au na kidirisha cha choo tu. Vyoo, stoo, ngazi, vipeleke magharibi vipigwe jua vyenyewe.

Kuna nyumba moja nataka uitafute uitazame kabla hujamlipa mtu wa ramani. Inaitwa Can Lis, iko Mallorca juu ya genge la bahari karibu na Porto Petro, aliijenga Jørn Utzon mwanzoni mwa miaka ya 1970, huyu ndo aliyebuni jumba la opera la Sydney, na hiyo nyumba alimjengea mke wake Lis na akaipa jina lake. Mtu ana bahari nzima mbele yake na bado hakuweka ukuta wa kioo! Alijenga vibanda kadhaa vya mawe ya mchanga ya hapo hapo kisiwani, wanayaita marés, na kila dirisha amelizamisha ndani ya ukuta kama handaki fupi, fremu akazifunga upande wa nje, kwa hiyo ukikaa ndani huoni fremu wala kioo, unaona jiwe, kivuli, halafu kipande cha bahari. Sebuleni juu kabisa ukutani kuna kitundu chembamba ambacho jua linapita kwa dakika chache tu kila mchana na kuchora mstari kwenye jiwe. Mimi kwangu hiyo ndo anasa. Mgeni wako atasahau sebule ilikuwa na mita ngapi, lakini ule mstari wa jua atakwenda kumsimulia mtu.

Paa sasa. Slabu ya zege iliyo wazi inakunywa jua kutwa nzima na usiku ndo inaanza kulitapikia chumbani, mgeni akiwa kitandani. Na lile paa la kuficha, la bati lenye mteremko mdogo nyuma ya ukuta, linategemea gata moja iliyofichwa, vumbi letu na majani yakiziba ile gata, mvua ya Januari inavyoshuka kwa fujo maji yanarudi ndani kwenye jipsam. Kama unapenda sura ya paa bapa, piga slabu, weka kizuia maji, halafu juu yake weka kivuli cha pili, iwe bati lililoinuliwa nusu mita hewa ipite katikati, iwe udongo na mimea ya kwetu ya ukame. Mwambie injinia mapema kama ni udongo, maana sentimita 15 tu za udongo ni kama kilo 250 kwa kila mita ya mraba, hilo si jambo la kuongeza baadaye.

Na mawe unayo kiwanjani! Umenunua kilima cha mawe ya Dodoma halafu unataka kulipia lori la bloku lipande mlima. Yale mawe madogo yanayotoka kwenye msingi yajenge ukuta wa magharibi, yale makubwa yaache yalipo nyumba iyazunguke, moja liingie hata kwenye baraza watoto wakae juu yake.

SWALI: Mambo dada. Nyumba yangu Nkuhungu nimeipaka nyeupe kabisa kama za Ugiriki, miezi mitano tu imekuwa rangi ya chai. Nifanyeje? – Kijana wa Nkuhungu

JIBU: Poa mdogo wangu, pole. Kule visiwa vya Ugiriki hawapaki mara moja wakaacha, wanapaka chokaa upya karibu kila mwaka, wengi kabla ya Pasaka, na chokaa ni rahisi na inaruhusu ukuta upumue. Wewe nadhani umepaka rangi ya plastiki, vumbi linang'ang'ania. Osha, kwaruza, halafu futi mbili za chini zunguka nyumba nzima kwa mawe au rangi ya udongo, maana uchafu mwingi unatoka kwenye matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Juu paka chokaa iliyochanganywa na udongo kidogo wa njano mpaka ifanane na maziwa mgando. Bado itarudisha jua kwa sehemu kubwa, na macho ya jirani yatapumzika, kwa sababu mwanga mkali nao ni kero ya kweli. Huyo Utzon niliyemtaja juu aliishia kuihama ile nyumba yake ya genge, mojawapo ya sababu ni kwamba mng'ao wa bahari ulikuwa unamuumiza macho, akajenga nyingine ndani ya kisiwa, Can Feliz, akahamia mwaka 1994.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nafundisha wajukuu jiografia hapa nyumbani. Wameniuliza swali nimekosa jibu, kisiwa kama Santorini kule Ugiriki hakina mto, mvua kidogo, wale watu waliishije na hizo nyumba za mabwawa zinapata wapi maji? Na je sisi Kongwa tunaweza kujifunza chochote? – Mwalimu, Kongwa

JIBU: Shikamoo mwalimu, na wajukuu wabarikiwe kwa kuuliza swali zuri namna hiyo.

Walivuna mvua. Santorini nyumba nyingi za zamani zimechimbwa ndani ya mwamba laini wa volkano, na mapaa, nyua, hata vijia vilipakwa chokaa na kuinamishwa ili kila tone liteleze mpaka kwenye kisima cha kuhifadhia kilichochimbwa chini ya nyumba. Ibiza wanakiita aljibe, ni neno walilolirithi kutoka Kiarabu. Alberobello kule kusini mwa Italia, kwenye zile nyumba za mawe zenye paa la pia, mambo ni hayo hayo, maji ya paa yanashuka chini ya sakafu. Nyumba na kisima vilikuwa kitu kimoja, hukujenga kimoja ukaacha kingine. Siku hizi watalii wamezidi uwezo wa visima, kwa hiyo Santorini wanasafisha maji ya bahari kuondoa chumvi, na mitambo hiyo inakula umeme mwingi. Kwa hiyo ukiona bwawa la bluu ukingoni mwa genge, sehemu kubwa ya maji yao siku hizi yametoka kwenye mtambo.

Hesabu ya wajukuu ni hii mwalimu, waifanye kwenye daftari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua bati la mita za mraba 120, mvua ya mwaka milimita 550, zidisha unapata lita 66,000. Toa sehemu ya tano kwa zile zinazomwagika na kuosha vumbi, zinabaki kama 52,800. Gawa kwa siku 210 za kiangazi, ni lita 250 kwa siku, ndoo kumi na mbili na nusu za lita 20, kutoka juu ya paa lile lile ambalo sasa hivi maji yake yanachimba korongo nyuma ya nyumba. Ya kuweka yote hayo unahitaji shimo la mita 5 kwa 5 kwa kina cha mita 2 na kidogo, lijengwe kwa mawe, lipigwe plasta, lifunikwe gizagiza mbu wasizaliane na mwani usiote, na juu yake ndo unamwaga sakafu ya baraza. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaachie yaende, yana vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Ya kunywa chemsha.

Kuhusu mabwawa ya kuogelea kwa huku kwetu nasema wazi, roho inaniuma. Mji wetu unategemea sana visima vya Mzakwe na kuna mitaa inapata maji kwa mgawo. Bwawa la mita 8 kwa 4 likipoteza milimita 6 kwa siku kwa jua na upepo, na kwa nchi kavu hiyo ni kawaida, ni lita 192 zimepaa, kila siku, kabla mtu hajaingiza mguu. Anayelazimika kuwa nalo basi liwe dogo la kujitumbukiza, liwe kivulini, liwe na kifuniko, na lijazwe na mvua.

SWALI: Dada naomba ukweli. Hii "anasa endelevu" si maneno ya biashara tu? Tajiri anajenga jumba ufukweni, anaweka sola nne, anasema amelinda mazingira. Kwani huko hakuna sheria? – Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Sheria zipo kaka, na zimetokana na majuto. Hispania miaka ya 1960 na 1970 pwani yao ilijazwa mahoteli na maghorofa kiasi kwamba mwaka 1988 wakapitisha sheria ya pwani inayolinda ukanda wa mita 100 kutoka ufukweni, humo nyumba mpya ya kuishi haijengwi. Ufaransa walitangulia mwaka 1986, nao mita 100 nje ya maeneo yaliyokwisha kuwa mji. Italia mwaka 1985 waliweka mita 300 kuwa eneo la mandhari linalolindwa, ukitaka kujenga humo lazima upate idhini maalumu. Sisi wenyewe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka bahari, ziwa, mto au bwawa, na hiyo wewe wa Mpwapwa inakuhusu ukiwa na shamba kando ya mto. Tena kwa Umoja wa Ulaya nyumba yoyote mpya tangu mwisho wa 2020 inatakiwa itumie nishati kidogo mno, kwa hiyo sola nne si sifa tena huko, ni kutimiza wajibu.

Mfano ninaoupenda ni Costa Smeralda, pwani ya kisiwa cha Sardinia kule Italia. Mwaka 1962 Aga Khan, ndiyo, huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye hospitali na shule zetu, yeye na wenzake waliunda umoja wa wenye ardhi na wakaweka kamati ya wasanifu. Nyumba ziwe fupi, rangi zifuate udongo na mwamba wa pale, mimea ya asili ibaki, nyaya zisitapakae hewani. Msanifu Jacques Couëlle akajenga hoteli ya Cala di Volpe ikafanana na kijiji cha zamani cha wavuvi. Kwa macho walifaulu sana, kuna sehemu ukipita na boti huoni nyumba, unaona kilima. Lakini bei ya ardhi ikapaa, na nyumba nyingi zinakaliwa wiki chache za kiangazi halafu zinafungwa.

Na hapo ndo nakubaliana na wewe. Nyumba ya vyumba nane inayokaa tupu miezi kumi haiwezi kuitwa endelevu kwa sola wala kwa chokaa, kwa sababu saruji yake imeshachomwa, kila tani moja ya saruji inatoa gesi ya ukaa kama kilo 600 mpaka 900, na maji ya bustani yake yanamwagiliwa hata kama hakuna mtu. Palma mwaka 2024 maelfu ya watu waliandamana, wenyeji hawapati nyumba za kupanga maana nyingi zimekuwa za wageni. Nyumba za Mediterania nilizozipenda kuliko zote katika miaka hii si vila. Ni nyumba 14 za serikali za kupangisha watu wa kawaida, kisiwa cha Formentera, Sant Ferran, zilikamilika 2017. Waliokota ile posidonia iliyotupwa na bahari ufukweni, wakaikausha, wakaipanga kwenye paa kuzuia joto kama walivyofanya babu zao, na chumvi yake yenyewe ndo inafukuza wadudu. Hakuna bwawa. Ndani kuna ubaridi.

Kwa hiyo mtu akikuambia vila yake ni endelevu muulize maswali mawili, siku ngapi kwa mwaka watu wanalala humo, na jirani yake anapata maji?

SWALI: Dada shikamoo, mimi nalima zabibu Mpunguzi, eka tatu. Wageni wanaanza kuja kuona mashamba wakati wa mavuno, nataka vyumba vitatu vya kulala katikati ya mizabibu. Mke wangu anataka vya mtindo wa tembe, mimi naogopa watu watasema tumerudi nyuma. Tembe inaweza kuwa ya kisasa? Na mchwa je? – Baba Chiku, Mpunguzi

JIBU: Marahaba kaka, mpe mkeo mkono wangu. Nimesubiri barua kama hii muda mrefu.

Inaweza, na nyinyi mna kitu ambacho wale wa vila wanakinunua kwa bei kubwa, yaani mzabibu wenyewe. Kule karibu kila nyumba ya shamba ina kichanja cha mzabibu mbele ya mlango, watu wanakula chini yake kiangazi, na baridi ikifika majani yanapukutika jua linaingia. Huku kwako unapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mzabibu wa kivuli utenge na wa biashara, usiupogoe siku moja na shamba, upunguze nusu upande huu, mwezi mwingine nusu ile, kivuli kisikatike. Nguzo za kichanja ziwe za mawe au chuma.

Kuta jenga kwa tofali za udongo za kufungamana, zile za kushindilia na saruji kidogo, hazichomwi kwa kuni kwa hiyo hukati mgunga hata mmoja, unene upate sentimita 30 na zaidi kwa kupanga mbili pamoja upande wa jua. Ndani siriba kwa udongo wa kichuguu uliochekechwa, unapata ile rangi ya asali ambayo rangi ya dukani haiwezi.

Tembe ya zamani ilikuwa na magonjwa matatu, tuyaseme bila aibu, mchwa, kuvuja, na giza. Mchwa unamkata kwa kuinua nyumba juu ya msingi wa mawe futi mbili na kutoruhusu mti wowote ugusane na udongo wa chini, ukipita unaona kijia chake juu ya jiwe unakifuta. Paa usitumie miti michanga kama zamani, tumia boriti za chuma au mbao zilizotiwa dawa, juu yake mbao, halafu karatasi nzito ya kuzuia maji bila tundu, halafu kokoto kidogo, halafu udongo sentimita kumi, na lipe mteremko mdogo, maji yashuke upande mmoja kwenye gata pana inayofikika kwa ngazi, siyo ya kufichwa, na yaende kwenye kisima kama nilivyomwambia mwalimu wa Kongwa. Kila mwaka mwezi wa kumi kabla ya mvua mtu apande aangalie nyufa. Bibi alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Giza unalitoa kwa kufungua uani. Vyumba vitatu vizunguke ua mdogo, kila kimoja mlango mpana unatazama ndani ya ua na dirisha la juu upande wa pili upepo upite. Vyoo vya ndani usiviache, mgeni anayelala kwenye tembe anataka maji ya moto, na kwa jua letu heta ya sola ya bomba inatosha, uielekeze kaskazini na uinamishe kidogo vumbi lisikae. Usiige picha za Ulaya zinazoelekea kusini.

Jambo la mwisho ni upepo. Pale Mpunguzi Juni mpaka Septemba unaujua mwenyewe, unatoka mashariki na kusini-mashariki umebeba vumbi. Kule Provence kusini mwa Ufaransa wana upepo wao wa Mistral, nyumba za shamba zimeupa mgongo, upande ule hakuna dirisha na kuna mstari wa miti. Santorini wakulima wa zabibu wameenda mbali zaidi, mzabibu wanausuka chini chini kama kikapu na zabibu zinaiva ndani ya kikapu zimejificha upepo, mwonyeshe mkeo hizo picha atapenda. Kwa hiyo mgongo wa tembe yenu uwe mashariki, ukuta mtupu, na nje yake mita nne hivi panda mstari wa mikwaju au miarobaini mwaka huu huu hata kama ujenzi ni mwakani, maana ukuta unajengwa kwa mwezi lakini kivuli kinahitaji miaka. Mlango wa ua utazame magharibi kidogo kuelekea kaskazini, chini ya kile kichanja cha mzabibu, hapo jioni ndo wageni watakapokaa, na meza iwe ndefu. Mkishapigilia vigingi vya kupimia msingi, kabla ya kumwaga zege la msingi, nitumieni picha ya kivuli cha kijiti cha mita moja kilichosimikwa katikati ya eneo, saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi, siku hiyo hiyo moja. Nitawachorea wapi pa kufungua madirisha, bure.